Nungunungu na Jembe la Mgeni

Hakuna aliyejua kuziba matundu kama Nungunungu, muulize mwenyewe. Nyumba yake aliisiriba saruji pande zote, hata sisimizi akakosa njia.

"Sasa Panya atauonea wapi mtama wangu?" akajigamba.

Panya akaja mlangoni mchana kweupe. "Hodi, mzee!"

"Karibu, mwanangu!" Nungunungu akaitika, maana adabu yake nayo haikuwa na ufa.

Siku mbili Panya akala mtama kama bwana harusi. Siku ya tatu Nungunungu, mjuzi wa mila, akampa jembe kama apewavyo mgeni yeyote.

"Ahsante, mzee," akasema Panya, akaanza kuchimba chini ya ukuta ili nduguze arobaini waingie. "Saruji yako ilikuwa imeshanimaliza meno."