Kulungu wa Anatoli

"Mama Anatoli, hivi hao kulungu wa mwanao hawana likizo?" Bupe, jirani wa mlango wa pili, aliwahi kumwuliza Flaviana wakisubiri mashine za kufulia.

Flaviana alicheka, ila swali alirudi nalo nyumbani. Mumewe ana mwaka wa pili kaburini, hapo Lanham, huku huku Marekani, na tanga halijaanuliwa. Kwao tanga huanuliwa siku kifungua mimba anapovishwa koti la baba yake mbele ya ukoo. Koti lipo. Kifungua mimba yuko Arizona, jangwani, anachunguza kulungu.

Kila Jumapili baada ya misa simu hulia. Kwanza huongea mwanamke wa Kizungu, Kiingereza cha mbio mbio kisichomwingia Flaviana. "Ni mitambo ya huku jangwani, mama," Anatoli alishamweleza. "Wewe bonyeza tano tu." Akibonyeza, mwanawe huyo hapo.

"Kulungu wako hawajambo?"

"Jua kali, mama. Mchana kutwa wamelala korongoni, chini ya miti ya miiba. Jioni majike wanashuka majini na watoto wao. Madume wanabaki mlimani, wanajivuna."

"Kama baba zako wadogo! Utakuja lini?"

"Ukame huu, mama, siwezi kutoka."

Kisha simu hukatika yenyewe, neno lingali mdomoni. Flaviana husali rozari kwa nguvu, angalau nyumba isikie mtu.

Oktoba, shemeji yake Laurean akaja kutoka Fairfax. "Shemeji, marehemu tumemchosha. Jumamosi asipofika, koti namvisha mwanangu. Mungu hapendi vya kuning'inia."

"Atakuja. Nimemwomba Bikira Maria."

Jumamosi ukoo ulijaa sebuleni, pilau ikaiva, Anatoli haonekani. Laurean alikuwa ameshalitoa koti kabatini mlango ulipogongwa. Akaingia kijana Mmarekani mweusi, mrefu, kofia mkononi.

"Shikamoo, mama. Mimi naitwa Peterson, natoka Arizona. Anatoli ndiye alinifundisha Kiswahili. Amenituma. Anaomba koti la baba limngoje."

Nyumba ilishangilia. Flaviana akamkumbatia kijana wa watu kama wa kumzaa. "Mmesikia? Nani alisema mwanangu kasahau kwao? Shemeji, lirudishe kabatini!"

Laurean alimpima mgeni kwa macho, koti bado mikononi. "Na wewe ni mtaalamu wa kulungu?"

"Hapana, mzee!" Peterson akacheka, kama mtu aliye kati ya wanaojua yote. "Mimi nililala kitanda cha juu, chenye dirisha. Nilikuwa namweleza wanavyopita nje ya uzio, naye anamweleza mama. Sasa nimemaliza kifungo, kitanda cha juu wamempa yeye. Atawaona mwenyewe."

Laurean alilikunja koti, akalitia kwapani, akatoka.