Chetezo cha Bi Somoe

Tangu nyumba zipewe kazi ya kuwakinga watu na saratani, Mwanakheri alishazoea kunyang'anywa vitu. Ukuta ulimeza sigara za mumewe, naye akashukuru. Lakini mama mkwe wake, Bi Somoe, hakuacha kufukiza udi chumbani kwa mjukuu kila Ijumaa.

“Moshi wa udi umemuua nani?” aliufokea ukuta.

Leo, Mwanakheri akiwa bafuni, nyumba ilitangaza kwa sauti yake ya upole: “Hatari kwa mtoto imeondolewa.”

Akashusha pumzi. Afadhali, chetezo nacho kimemezwa.

Alipoingia chumbani, mtoto alikuwa amelala. Chetezo kilikuwa palepale, makaa yake bado mekundu, na kanga ya Bi Somoe iko sakafuni.

Taulo lilimponyoka mkononi. “Mama yuko wapi?”

“Chetezo hakijiwashi chenyewe,” nyumba ikajibu.