Firigisi ya Baba

Kifuniko cha sufuria kiligonga gizani. Umeme ulikuwa umekatika tangu magharibi. Mwanaidi na bintiye Zamda wakachungulia jikoni: kwa mwanga wa makaa wakamwona bibi, mama mkwe wa Mwanaidi, anatafuna.

"Mwache," Mwanaidi akanong'ona.

Taa ziliporudi, wote wakaketi kula; mumewe akakoroga bakuli la mchuzi wa kuku. "Firigisi yangu iko wapi?"

"Muulize mkeo," bibi akajibu, bila hila yoyote. Siku hizi alisahau alichokula kabla hajakimeza. "Tangu aanze hayo masomo ya jioni, na heshima ya mume kaitafuna."

"Ndiyo wanayokufundisha huko? Basi kesho huendi. Sema, nani kala?"

Mwanaidi akafungua kinywa. Kila siku alimwambia Zamda aseme kweli, hata ikimuuma. Lakini kweli hii ingemwaibisha mama mtu mzima mbele ya mwanawe; na kama angejitwisha kosa, mtoto aliyeona kila kitu angejifunza nini?

Zamda akamtazama mama yake, kisha bibi. Akaweka tonge sahanini.

"Baba, nimekula mimi."