Sababu ya Mabadiliko

Shomari alimkamata Tunu ukosi, akambamiza kitini mbele ya kompyuta ya karakana.

“Soma ulichofuta juzi.”

Tunu ndiye aliyehariri kurasa za mtandaoni za timu ya roboti ya shule, na mwongozo wa kuziandika aliutunga mwenyewe: kila hatua mstari mmoja, na anayebadilisha chochote aeleze kwa nini.

Nyuma yao Kheri alikuwa akipiga mayowe. Alikuwa ameuzima mkono wa roboti kama ukurasa ulivyoelekeza, akaingiza kiganja kukaza skrubu, nao ukafumba vidole vyake vya chuma. Mwalimu alihangaika kuvipanua kwa nondo.

Tunu akasoma. “Ukishauzima subiri dakika nzima, maana hujifumba mara moja ya mwisho.”

“Niliandika mimi. Irudishe.”

“Ilikuwa mistari miwili,” alinong’ona.

“Irudishe, Tunu.”

Akairudisha, vidole vikiteleza, kwani damu ya Kheri ilikuwa imeruka hadi kwenye kibodi. Alipobonyeza kuhifadhi, kikafunguka kisanduku alichokiweka yeye mwenyewe: Sababu ya mabadiliko.

Nyuma yake kitu kilivunjika, chuma au mfupa, na mayowe yakakatika. Kisanduku kilibaki wazi, kikimsubiri.