Siku ya Mashindano ya Redio

Bernadetha alibonyeza kitufe cha redio ya upepo ya mumewe, ile ya kuzungumza na watu wa mbali. Kwao Natta simu haishiki, lakini kila alasiri mzee mmoja wa Mugumu, mwenye gari, hupiga soga redioni. Leo mashindano ya wenye redio, ambapo mshindi ni anayepata watu wengi zaidi wa kumjibu, yalijaza masafa yote; washindani hawakuacha hata yale ambayo mzee hupigia soga.

"Mzee, unanisikia? Mwanangu kaumwa na nyoka."

Shanga alizovaa binti yake kifundoni zilikuwa zimezama kwenye uvimbe wa mguu.

Kijana mmoja wa mashindanoni akajibu, amechangamka: "Nakupata safi, mama. Nimeshakuhesabu. Anayefuata?"

"Baba, ngoja kwanza, mtoto..."

"Anayefuata."

Bernadetha akazikata shanga kwa meno. Zilimwagika sakafuni, na redioni kijana akamshukuru mtu mwingine.