Mtumbwi wa Kwenda Mbale

Siraje alisokota waya kwa koleo mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Mtumbwi wa futi kumi na nane ulilala juu ya paa la gari lake, Pijo kuukuu, ncha ya mbele imefungwa kwenye bampa, ya nyuma ikining'inia na kitambaa chekundu. Chini yake alikuwa ametandika godoro, lile moja tu walilokuwa nalo, usije ukateleza.

"Kamba haikutosha?" aliuliza Mariat, mkewe.

"Kamba hukatika. Huu ni urithi wa marehemu baba."

Mariat hakuwahi kumwona baba mkwe wake. Alikuwa na mimba ya miezi tisa, walikuwa wakikimbilia Mbale kwa dada yake Siraje, akajifungulie huko. Ilikuwa Aprili 1979. Mizinga ya vita ilisikika mpaka mtaani kwao Walukuba, na mumewe asubuhi nzima alikuwa akibembeleza mbao.

"Umesahau koleo pale mlangoni," alimwambia, akipanda garini amenuna.

"Liache."

Karibu na Iganga walisimamishwa na wanajeshi wanne waliokuwa wakikimbia vita.

"Shuka! Sisi nachukua hii gari," alisema koplo. "Na hii mtumbwi ya nini? Mbale iko na ziwa?"

"Wa baba yangu, afande. Alikufa."

"Toa!"

"Koleo limebaki nyumbani, afande."

Waliusukuma, haukutikisika. Walijaribu kukata waya kwa singe, singe ikapinda. Koplo akashika usukani mwenyewe, akaenda hatua hamsini: paa likalia, gari likayumba, na ncha ya mtumbwi ikamzibia barabara. Alirudi akitukana. Hapo ikatokea Datsun, paa tupu. Wakaichukua hiyo.

Mwenye Datsun, Siraje na Mariat walimpakia kwenye Pijo mpaka Tororo.

"Mtumbwi wako nusura utuponze," Mariat alisema. Siraje alikuwa ameshuka tena, anakagua waya mmoja mmoja, anapapasa mbao kwa kiganja. Mariat akalia kwa hasira.

Walifika Mbale, mtaa wa Nabuyonga, jioni, uchungu umeshaanza. Shifa, dada yake Siraje, alimpokea wifi yake kwa mikono miwili, kisha akainua macho kwenye paa la gari.

"Huo ni wa nani?"

"Wa baba yenu," Mariat alijibu, ameshika kiuno.

"Baba yupi? Baba alikuwa fundi cherehani. Ziwa alikuwa akiliogopa kama moto."

Siraje aliazima koleo kwa jirani, akaanza kufungua waya. Waya wa mwisho ulipoachia, mtumbwi ulibingirika mpaka uani, na kwenye sakafu yake likaonekana tundu la kupita kichwa cha mbuzi.

"Shoka liko wapi?" aliuliza. "Mzazi atahitaji maji ya moto."