Simfoni ya Meneja

Mambo yaliharibika Jumamosi, tarehe 14 Machi 1953, saa saba mchana, pale beni, bendi yetu ya matarumbeta ya shamba la mkonge, ilipoitwa simfoni.

Neno alilileta meneja. Wageni wake wa Raskazone, mtaa wa Wazungu kule Tanga, walikuwa wanakuja kula na kunywa, na wakubwa wale beni hawaitaki, wanataka neno la kushushia nyama. Matarumbeta yalikuwa yaleyale tisa, na ngoma ileile ya Uweso.

"Wametuvisha koti tu," Uweso alisema. "Ndani ni sisi walewale na jasho letu."

Kifimbo cha kutuongozea muziki alishika Mzungu mgeni, mwenye juma moja tu shambani, kucha zake safi kuliko sahani. Kwa kinywa cha karani Timotheo alieleza maana ya neno: simfoni ni vyombo vingi kuwa mwili mmoja. Huyu moyo, huyu mapafu, huyu mshipa. Kimoja kikitoka, mwili wote umekufa.

Eliudi, mpiga tarumbeta, aliinua mkono. Mkewe Bertha alikuwa hospitali ya shamba, ana uchungu tangu jana, mtoto amekaa vibaya. Aliomba ruhusa akamwone.

Timotheo hakumtafsiria mwenye kifimbo. Alimgeukia meneja, naye akatikisa kichwa.

"Daktari mpya ameshafika, bwana," Timotheo alimwambia Eliudi. "Au wewe utamzalisha kwa tarumbeta? Kaa."

Aliposikia habari ya daktari, Eliudi alitulia. Akakaa, akapuliza.

Wageni walitafuna, mafuta yakiwachuruzika kidevuni. Uvundo wa makapi ya mkonge ulipoletwa na upepo, walijiziba pua kwa leso za manukato, kana kwamba si mkonge huo uliowanenepesha. Mwenye kifimbo alifumba macho kwa raha. Mara mbili makelele yalizuka getini, mara mbili meneja akapunga mkono, yakazimwa.

Saa kumi na moja makofi yakapigwa. Nesi Kristina akapenya katikati ya meza, aproni imelowa damu. Eliudi akasimama. Nesi akampita, akaenda kusimama mbele ya mwenye kifimbo.

"Dokta," alimwita. Kisha akatikisa kichwa.

Jumapili Eliudi alizika wawili. Amekwenda kwa meneja, amekwenda kwa wakubwa wa meneja, na kote huko swali lake ni moja: yule dokta naye, ruhusa ya kutoka kazini alipewa na nani?